Mama wa skafu ya kijani, asante

Mama uliyekaa kando yangu Jumamosi ile kwenye mhadhara wa historia hapa Halifax, Kanada, jina lako sikuliuliza, ndiyo maana nakushukuru hadharani. Nilichelewa, na Kiingereza cha mwanahistoria kilikuwa kinanipita kasi, nawe ukawa unaniandikia kwenye karatasi: Kjipuktuk, jina la Wami'kmaq, wenyeji wa asili, kwa mahali hapa, yaani bandari kuu, Birchtown, 1783, makazi ya watu weusi walioahidiwa uhuru na ardhi na Waingereza, 1792, merikebu 15, watu karibu 1,200, kwenda Freetown, Sierra Leone.

Mimi mtoto wa Kisauni, Mombasa, nikadhani Freretown, ya kwetu Kengeleni! Ulicheka mpaka ukafuta machozi, kisha ukataka nikueleze habari za kengele yetu na watumwa walioachwa huru wakawekwa pale tangu 1875.

Ilipofika zamu ya Africville, mtaa wa watu weusi wa hapa Halifax, kalamu ukaiweka chini. Nyumba zilibomolewa miaka ya 1960, meya akaomba radhi 2010. Hayo niliyasikia mwenyewe. Wewe ulinyamaza, nami sikuthubutu kuuliza.

Karatasi yako ninayo. Kalamu yako pia, mama, uniwie radhi, nilitoka nayo.