Mwanangu, nenda Mabuni na chupa ya maji

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Naha, kisiwani Okinawa, Japani. Sisi huku Tanga hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali. Bibi yako magoti yamepoa kidogo, na kila akimaliza kuswali anakutaja.

Umeniuliza kwa nini tarehe 23 Juni shule na ofisi za mkoa zinafungwa huko, na kwa nini mama mwenye nyumba wako alinyamaza ghafla ulipomuuliza. Sikutaka kukujibu kwa simu, maneno mawili matatu halafu vocha imekwisha. Jambo hili nimekaa nalo tangu nilipokuja huko kwenye kozi, wewe ukiwa darasa la pili.

Kituo cha JICA, shirika la Japani la misaada, tulikofikia kiko Urasoe, mtaa wa Maeda. Juu yake kuna genge la mawe, na mimi kila jioni nilikuwa napanda kupunga upepo. Wiki ya tatu ndipo mwalimu wetu wa Kijapani, mwenyeji wa palepale, aliponieleza nilikuwa napumzika wapi. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 1945, kwenye Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani na Wajapani walichinjana juu ya genge lile. Desmond Doss, Mmarekani Msabato aliyekataa kushika bunduki akakubali kuwa mtu wa huduma ya kwanza, aliwashusha kwa kamba majeruhi wapatao 75, mmoja baada ya mwingine, risasi zikipita. Siku ya pili nilipanda tena, lakini sikuweza kukaa.

Wamarekani walishuka Okinawa tarehe 1 Aprili mwaka ule, Jumapili ya Pasaka, zaidi ya 60,000 kwa siku moja, na ufukweni karibu hawakukuta wa kuwazuia. Jenerali Ushijima, mkuu wa jeshi la Japani kisiwani, alikuwa ameziacha fukwe makusudi. Askari wake alikuwa amewachimbia ndani ya vilima vya kusini, makao makuu yakiwa chini ya kasri la Shuri. Wewe umeyaona mapango ya Amboni. Ardhi ya huko nayo ni ya chokaa, imejaa matobo, na wenyeji huyaita gama. Mzinga ulitoka, ukapiga, ukarudishwa ndani. Kilima kilichotekwa mchana kilipotea usiku. Mwisho Wamarekani wakawa wanasogea hadi mlangoni mwa pango, wanamimina moto, kisha wanaulipua mlango ujizibe. Waliomo ndani mara nyingi hawakuwa askari peke yao.

Ushijima alijua hawezi kushinda. Kazi yake ilikuwa kuwachelewesha, ili Japani yenyewe ipate muda wa kujiandaa, na bei ya muda huo wakalipa watu wa Okinawa. Baharini nako marubani wa kujitoa mhanga walizipiga manowari, mabaharia karibu 4,900 wa Kimarekani wakafa. Mvua za Mei zikageuza kila kitu tope. Na mwishoni mwa Mei likaja lile ambalo mimi silisamehi: badala ya kukoma Shuri, jeshi likarudi nyuma hadi ncha ya kusini, kulekule walikokimbilia raia. Wakachanganyika, na mizinga ya nchi kavu na ya melini haikuchagua. Wenyeji huuita wakati ule kimbunga cha chuma.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo utanivumilia nikikaa kidogo kwa mabinti wa Himeyuri, kikosi cha wanafunzi waliopelekwa kuuguza askari. Walikuwa wanafunzi 222 na walimu 18, wasichana wa umri wako ulipokuwa sekondari. Waliambiwa wanakwenda hospitali ya jeshi, wengine wakabeba vitabu wakidhani watasoma zamu ikiisha. Hospitali yenyewe ilikuwa mapango. Walishika mataa madaktari wakikata miguu ya watu, walitoa funza kwenye vidonda, walitoka nje chini ya mabomu kuchota maji. Tarehe 18 Juni wakaambiwa kikosi kimevunjwa, kila mtu ajitafutie njia, wakati njia zote zimeshafungwa. Wengi wa waliokufa walikufa siku chache baada ya amri hiyo. Mabinti 123 na walimu 13. Makumbusho yao yako Itoman, na ndani kuna picha za nyuso zao. Usipite haraka.

Halafu kuna Yomitan, kwenye pango la Chibichiri. Watu walikuwa wamefundishwa kwamba Mmarekani akikukamata atakutesa hadi ufe, na kwamba kujisalimisha ni aibu. Tarehe 2 Aprili watu 83 walikufa mle, wazazi wakiwaua watoto wao kwa mikono yao. Si mbali na hapo, pango la Shimuku, walijificha watu wapatao 1,000. Miongoni mwao walikuwemo wawili waliowahi kufanya kazi Hawaii, kwa Wamarekani. Wakasema, sisi tumeishi nao, ni watu. Wakatoka wakazungumza na askari kwa Kiingereza, na watu wote wale wakatoka hai. Wakati huohuo jeshi la Japani lilikuwa limetangaza kwamba atakayesema Kiokinawa atahesabiwa jasusi. Hapo ndipo mama mwenye nyumba wako anaponyamaza, mwanangu. Wa Chibichiri walikaa karibu miaka 40 bila kusema. Na mwaka 2007 serikali ilipotaka vitabu vya shule vipunguze maneno kuhusu jeshi kuwasukuma raia kujiua, umati mkubwa ulijaa Ginowan kupinga.

Ushijima alijiua pangoni Mabuni, kwenye ile ncha ya kusini, na 23 Juni huhesabiwa kuwa siku mapigano ya jeshi lake yalipokoma, ingawa aliacha amri watu waendelee kupigana, na kujisalimisha rasmi kulikuja 7 Septemba. Waliokufa ni zaidi ya 200,000. Kwa wenyeji, mmoja kati ya wanne.

Pale Mabuni, tangu 1995, kuna kuta za mawe meusi zinazoelekea bahari. Zina majina zaidi ya 240,000: Waokinawa, Wajapani wa mikoa mingine, Wamarekani, Waingereza, Wakorea, askari na raia pamoja. Gavana aliyezisimamisha, Masahide Ota, alipelekwa vitani akiwa mwanafunzi. Wakorea waliandikwa mia chache tu, ilhali walioletwa kwa nguvu walikuwa maelfu, na hilo ni deni. Lakini utakuta mahali pameandikwa "mtoto wa fulani", kwa sababu familia nzima iliisha na hakubaki wa kukumbuka mtoto aliitwaje. Hata yule hawakumwacha. Niliposomewa hivyo nililia mbele ya wageni.

Unajua nililia nini. Babu yake bibi yako alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kwenye vita ya Wajerumani na Waingereza, hakurudi Muheza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa hivyo. Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, inawataja kwa ujumla, haina jina hata moja. Bibi bado analijua la kwake. Sisi wengine je?

Basi nakuomba, tarehe 23 uende. Uliza basi la Itoman, lile la Mabuni utabadilishia huko. Vaa nguo za heshima na kofia, jua la Juni huko ni kali. Saa sita mchana watu wote husimama kimya. Utawaona wazee wanaingiza vidole kwenye herufi, wanamwaga maji juu ya jiwe, maana ndugu zao walikufa na kiu. Beba chupa. Muombe mama mwenye nyumba mwende wote, na akikubali, mwache atangulie.

Shangazi yako anakusalimu. Udi nimeutuma na mtoto wa jirani.

Mama yako