Wauza mashine za kuchanja kuni, mpini msiufunge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wa huku Kusini, hasa sisi tulioangusha mikorosho mizee ili tupande mipya. Uani kwetu hapa Masasi magogo yamelala toka kiangazi, mzee wetu ana miaka sabini na ushee, kiuno kimeshakataa, akiinua shoka mara tatu anakaa chini. Basi hela ya korosho ilipoingia tukasema tutafute mashine ya kuchanja kuni ya nyumbani.

Duka tulilokwenda, jina nalihifadhi, muuzaji wimbo wake ni tani tu, yaani nguvu ya kusukuma gogo, hii tani 7 hii, inapasua kila kitu. Ni ile ya umeme, gogo unalilaza, chuma kinalisukuma taratibu mpaka kwenye kabari linapasuka. Sasa mashine ile inatakiwa ishikwe kwa mikono miwili, mmoja unabonyeza swichi na mwingine unakandamiza mpini, ukiachia kimoja tu chuma kinasimama. Yeye mpini alikuwa ameufunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, eti ndo rahisi, mkono mmoja unabaki wa kushikia gogo. Tukamwamini, tukaja nayo nyumbani hivyohivyo.

Siku ya pili yake mdogo wangu alilaza gogo lenye kifundo, likapinda, akalirudisha sawa kwa mkono wa kushoto huku chuma kinatembea. Kidole cha shahada kikabanwa kati ya gogo na kabari. Hakupiga hata kelele, alisema tu "dada zima", nikachomoa waya. Tukamfunga kanga, bajaji mpaka hospitali, kidole kimebaki kifupi. Ana miaka 19.

Ndo maana naandika. Ile mikono miwili imewekwa makusudi kabisa, mkono ulioko kwenye swichi hauwezi kuwa kwenye kabari. Mashine ikikubali kufanya kazi kwa mkono mmoja, iache hapohapo dukani hata kama bei ni ya kutupa.

Na hizo tani nazo tusidanganyane. Nyingi za umeme za nyumbani ni tani 5 mpaka 7, zinataka gogo lenye upana wa sentimita 25 hivi na urefu kama nusu mita, lililonyooka. Tawi la mkorosho sawa, mwembe sawa, ila shina la mkorosho mzee lililojikunja na vifundo vyake, au mkwaju, inanguruma tu na chuma kinagota. Ukiona imegota achia, usiikandamize mpaka oili ichemke, geuza gogo uanzie upande usio na kifundo. Mashina makubwa kabisa yanataka ya petroli ya tani 20 na kuendelea, na hiyo kwa familia moja mi naona ni hela kubwa bure, bora mtaa mzima mchange au mkodi siku mbili. Mimi ningeshauri mtu aende dukani na gogo lake mwenyewe, lile baya kuliko yote, aseme nipasulie hili nione, maana la kwao limechaguliwa.

Umeme pia. Yetu inakula wati 2200, ukichanja saa nzima ni kama uniti 2 na kitu za LUKU, hiyo si mbaya, shida ni ekstensheni. Tulivuta waya mwembamba kutoka sebuleni mpaka uani, mota ikawa inaunguruma haina nguvu na waya umekuwa wa moto, fundi akatuambia mngeunguza mota, tukanunua waya mnene wa milimita 2.5 za mraba. Halafu kuna skrubu ndogo ya hewa kwenye tenki la oili, unailegeza kidogo kabla ya kuanza na kuikaza ukimaliza, usipoilegeza sili, ile mipira ya kuzuia oili, zinakufa na oili inaanza kuvuja. Hilo nalo dukani hatukuambiwa, tuliambiwa na fundi.

Najua watu watasema nishati safi, na mtungi wa gesi tunao, chai na mboga tunapikia huo. Lakini msimu wa unyago yale masufuria ya pilau unapikia nini? Na magogo ndo hayo yapo uani tayari. Asiye na hela ya mashine wala asijione kapungukiwa, kabari mbili za chuma na nyundo kubwa zinatosha, uchanje gogo likiwa bado bichi, likikauka na vifundo vyake utalia.

Mpira wa kwetu nimeukata kwa kisu mwenyewe. Na wewe muuzaji, najua gazeti hili linafika mpaka dukani kwako, zile zilizobaki nenda kazifungue leo.

Msomaji wenu,
Masasi, Mtwara