Herufi za chuo kifuani: kwa nini maneno marefu huharibu hudi nzuri

Kila ifikapo Septemba, wanafunzi wa kidato cha nne wanapoanza kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani wa Novemba, karakana yetu ya kuchapa na kudarizi nguo hupokea ombi lile lile kutoka shule tofauti. Mteja hutuma picha ya jaketi la Kimarekani lenye herufi moja nene upande wa kushoto wa kifua, kisha chini yake huandika: "Tunataka kama hii, ila isomeke WAHITIMU WA KIDATO CHA NNE." Kazi hiyo tunaipenda na tunaifanya. Hata hivyo, huwa tunamwomba mteja atusikilize kidogo kabla hajalipa malipo ya awali, kwa sababu kile alichokipenda kwenye picha na kile alichokiagiza ni vitu viwili tofauti.

Tuanze na hesabu. Eneo la kifua linalofaa kuchapwa kwenye hudi ya mtu mzima lina upana wa sentimita 28 hivi. Maneno hayo yana herufi 22 na nafasi nne, kwa hiyo yakipangwa katika mstari mmoja kila herufi hupata sentimita moja na kidogo. Katika upana huo nguzo ya herufi, yaani mstari wake mnene, hubaki na milimita tatu, vile vibao vya miishoni ambavyo sisi huviita visigino huwa vyembamba kama njiti, na ule mzingo wa rangi ya pili, ambao ndio hasa unaoipa herufi sura ya kiuanamichezo, huingia ndani ya tundu la A na kuliziba. Mtu akisimama hatua tano mbele ya aliyeivaa haoni maneno, anaona ufito wa rangi.

Mtindo huu ulianza na herufi moja, na bado unapendeza zaidi ukiwa na herufi moja. Mwaka 1865 timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani ilidarizi H kwenye fulana zake za flaneli ya kijivu, na vyuo vingine vikafuata desturi hiyo hadi herufi ikawa tuzo ya kushonewa mchezaji aliyeistahili. (Kwa wapenda ubishi: H ile ya kwanza haikuwa na umbo hili la vibao, bali ilikuwa ya mtindo wa kale wenye mapambo.) Umbo la vibao linakubaliana na vifaa vya kazi. Felti, yaani kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, ikikatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka hutoka safi kuliko wa mviringo, na ndiyo maana katika mtindo huu O huwa na pembe nane, nayo S hupindishwa kwa mikato mifupi iliyonyooka.

Ukutani kwetu tumetundika jaketi la mtumba tulilolinunua soko la Karume, nasi humwonyesha kila mteja anayefika. Kifuani lina K moja ya shenili, yaani uzi wa sufu uliofumwa vitanzi vifupi hadi ukiupapasa unahisi kama zulia, nayo imekaa juu ya felti nyeupe inayochungulia milimita nne pande zote. Mshono unaoishikilia umepita ukingoni kabisa, kwa uzi wa rangi ile ile, na hauonekani mpaka ulisogeze jaketi karibu na macho. Hakuna neno jingine mbele. Mwaka uko kwenye mkono wa kushoto, na jina la mwenyewe, kwa maandishi madogo, liko kwenye mkono wa kulia.

Kiswahili nacho kina mambo yake ambayo waliochora fonti hizi hawakuyafikiria. Maneno yetu mengi huanza kwa WA au MWA, na hizo ni herufi pana zenye mistari ya mshazari. W ina visigino juu, A ina visigino chini. Zikipangwa kama kompyuta ilivyoziweka, kati yake hubaki pengo la mshazari linalolikata neno vipande viwili, na zikisogezwa ovyo kisigino cha A hukanyaga mguu wa W. Ndiyo maana WAHITIMU, MWALIMU na TANZANIA tunazipanga kwa mkono, jozi moja baada ya nyingine, na wakati mwingine tunapunguza kisigino kimoja cha A ili jirani yake apate nafasi. Kuna pia suala la ritifaa, ile alama ndogo ya juu ('). Fonti nyingi za bure hazina alama hiyo kabisa au huweka kijiti chembamba kisicho cha ukoo wa herufi nyingine, kwa hiyo jina lenye NG' hutoka kama lina kasoro ya kuchapa. Kwa majina hayo tunaichora ritifaa sisi wenyewe, kwa unene wa nguzo ile ile, na hatuitozi.

Njia ya kuiweka herufi kwenye kitambaa hutegemea ukubwa wake. Herufi ya sentimita 10 na kuendelea tunashauri ikatwe kwenye felti na kushonwa, maana hudumu kuliko hudi yenyewe. Ya sentimita tatu hadi saba hudariziwa vizuri, ila nguzo ikizidi milimita nane hivi uzi mrefu wa mshono wa satini, unaovuka nguzo upande hadi upande, huanza kunasa kwenye vitu, hivyo tunaujaza kwa mishono mifupi. Vinaili, yaani utando wa plastiki wa kubandika kwa joto, ni nafuu na ya haraka, na hapo ndipo tulipowahi kuumia. Katika mwaka wetu wa pili tulibandika fulana 40 kwa maneno yenye mzingo wa milimita moja na nusu. Zilipendeza sana siku ya mahafali, na baada ya kufuliwa mara tatu visigino vikaanza kuinuka kimoja kimoja kama magamba. Tulizirudia zote kwa gharama yetu. Tangu siku hiyo hatukati vinaili yenye sehemu nyembamba kuliko milimita mbili, hata mteja akisisitiza.

Kwa darasa lenye maneno mengi, pendekezo letu ni kuchagua kitu kimoja kiwe kikubwa. Tarakimu mbili za mwaka zinatosha: 25 ya urefu wa sentimita 18 yenye mzingo wa rangi ya shule, na chini yake WAHITIMU WA KIDATO CHA NNE kwa herufi za kawaida zisizo na visigino. Mkitaka jina la shule lipinde juu ya tarakimu hizo, tutalipinda kwa kuacha kila herufi imesimama wima huku urefu wake ukibadilika kufuata upinde. Herufi za vibao zikilazwa upande huonekana zinaanguka.

Hatuchapi majina wala nembo za vyuo vya Marekani au timu zake, kwa kuwa ni alama za biashara zilizosajiliwa. Fonti nazo zina leseni, na nyingi zinazopakuliwa bure huruhusu matumizi binafsi tu, kwa hiyo msitutumie faili la fonti mkidhani mnatupunguzia kazi. Tutumieni maneno yaliyoandikwa kwa tahajia mnayoitaka, idadi ya nguo kwa kila saizi, na rangi mbili, si tatu.

Nasi tutawarudishia karatasi yenye mchoro wa ukubwa halisi. Ikateni, mwenzenu mmoja aishike kifuani, ninyi msimame upande wa pili wa darasa. Kama kuna asiyeweza kuisoma kutoka hapo, tupigieni simu kabla hatujakata felti.