Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msimu wa 2024/25

Ndugu wajumbe, walimu wenzangu wa soka,

Ahsanteni kwa kufika, hasa mliotoka kata za mbali. Mambo ya ofisi nitayapitia harakaharaka kwa kuwa katibu ameshawagawia makabrasha. Ada bado zinalipwa kwa kusuasua. Kozi ya Leseni D, ile ya ngazi ya awali ya ukocha, ilifanyika na waliofaulu wameshaanza kazi. Deni la ukumbi limelipwa lote.

Kilichotuchosha mwaka huu ni lile azimio la kutaka chama kitoe tamko la kulaani timu zinazotimua makocha katikati ya msimu, "kwa kuwa mafanikio ya timu ni kazi ya mwalimu." Kulaani utimuaji wa ovyo naunga mkono. Hayo maneno ya mwisho siyaungi mkono, na naona niseme sababu hadharani kuliko mzisikie barazani.

Tazameni Yanga ya msimu huu. Imefundishwa na makocha watatu: Miguel Gamondi aliondolewa Novemba, Sead Ramovic akaja na kuondoka Februari kwenda Algeria, kisha Miloud Hamdi akamalizia. Ingekuwa mwalimu ndiye timu, kikosi kile kingekuwa kimesambaratika mara mbili kabla ya Pasaka. Badala yake, Juni 25 waliifunga Simba 2-0 na kuchukua ubingwa wa ligi wa nne mfululizo. Kikosini msimu huo, golini alikuwepo Djigui Diarra, nyuma akina Dickson Job na Bakari Mwamnyeto, katikati Khalid Aucho. Wote hao walikuwepo tangu enzi za Nasreddine Nabi, kocha aliyemtangulia Gamondi. Makocha walipita, uti wa mgongo ukabaki.

Na huyo Gamondi aliondokaje? Ndiye aliyeifunga Simba 5-1 Novemba 2023, akachukua ligi, akaifikisha Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu. Mwaka mmoja baadaye, beki Ibrahim Bacca akapewa kadi nyekundu mapema dhidi ya Azam, wakafungwa 1-0. Mechi iliyofuata, Bacca akiwa nje, Tabora United wakawapiga 3-1. Siku chache baadaye kocha hayupo. Sisi wenyewe tulisema ameonewa, kwamba hakuna mwalimu anayezuia mabao bila mabeki. Sawa kabisa. Lakini hoja hiyo ina makali pande zote mbili: kama kipigo kile kilitokana na kukosekana kwa mabeki, basi na ushindi wa kabla yake ulikuwa wao kwa kiasi hichohicho. Hatuwezi kujipa sifa wakati wa makombe na kuwarushia wachezaji lawama wakati wa vipigo.

Mjumbe mmoja aliniuliza kwa hasira: basi sisi kazi yetu nini? Akanikumbusha Ivory Coast ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa mwanzoni mwa 2024. Ni mfano mzuri, na nimeurudia mara nyingi. Wenyeji walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, kocha Jean-Louis Gasset akaondoka, timu ikapenya kama moja ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu kwa sababu Morocco iliifunga Zambia. Msaidizi wake, Emerse Faé, akakabidhiwa wachezaji walewale. Wakaitoa Senegal kwa penalti, wakaifunga Mali wakiwa pungufu, wakaitoa DR Congo, na fainali wakaishinda Nigeria 2-1. Kikosi kilekile, kocha mwingine, kombe.

Ila kuna jambo ambalo wanaoutaja mfano huu huliruka. Washambuliaji Sébastien Haller na Simon Adingra hawakucheza hatua ya makundi kwa sababu ya majeraha. Waliporudi, Adingra alisawazisha dhidi ya Mali dakika ya 90, Haller akafunga bao pekee la nusu fainali, na fainali Adingra akatoa pasi zote mbili za mabao, la pili likifungwa na Haller. Sasa nani alilileta kombe? Nasema Faé alikuwa na sehemu yake kubwa: aliwatuliza watu waliokuwa wanazomewa nyumbani kwao, na akajua nani aingie lini. Lakini katika mashindano yale Gasset hakuwahi kuwa na Haller mzima uwanjani.

Msimamo wangu ni huu. Katika ligi ndefu, kipaji kina uzito zaidi. Katika mashindano mafupi, au pale kikosi kinapojengwa upya kama Fadlu Davids alivyofanya na Simba na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mwalimu anaonekana. Viongozi wa timu hutimua kocha kwa sababu hawawezi kutimua wachezaji ishirini na dirisha la usajili limefungwa. Ndiyo hesabu yenyewe, haina siri.

Lakini kipaji chenyewe kinatoka wapi? Clement Mzize alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga. Kabla ya kufika huko, kila mchezaji wa aina hiyo alipita mikononi mwa mtu kama ninyi, uwanja usio na nyasi. Hapo ndipo nina ugomvi na baadhi yetu. Mwaka huu nilitembelea mazoezi ya watoto ya mwenzetu mmoja. Mstari mmoja mrefu, mpira mmoja, kila mtoto anapiga shuti kisha anarudi nyuma ya mstari. Kulikuwa na kijana wa mguu wa kushoto, anaupokea mpira huku ameshageuza bega. Dakika nyingi alizitumia kufunga na kufungua kamba za viatu akisubiri zamu. Kata ya jirani, mwalimu mwingine ana mipira michache vilevile, lakini amegawa watoto wanne kwa wanne katika viwanja vidogo vilivyowekwa alama kwa ndala. Hakuna anayesimama. Huyo anatengeneza wachezaji, na hakuna gazeti litakalomwandika.

Kwa hiyo kamati tendaji inapendekeza azimio lirekebishwe. Hayo maneno ya "kazi ya mwalimu" yaondolewe. Badala yake chama kidai mkataba wa maandishi kwa kila mwanachama anayefundisha timu ya ligi, wenye muda wa notisi na fidia. Wapo wenzetu walioachishwa msimu huu kwa ujumbe wa simu, mmoja akiwa kwenye basi na timu hiyohiyo. Timu sizitaji, mnazijua. Wakati huohuo, salio la mfuko wa safari lihamishiwe kwenye mipira na kozi za walimu wa watoto. Najua wapo waliokuwa wanaungoja huo mfuko kwa ajili ya ziara. Ziara itasubiri.

Kura zitapigwa baada ya taarifa ya fedha. Mweka hazina, karibu.