Mheshimiwa, zege la daraja letu limeanza kuchungulia

Mheshimiwa mwenye dhamana ya barabara zetu za vijijini,

Salamu kutoka ng'ambo ya mto Kinyasungwe, huku mkoani Dodoma. Nimeshaandika barua tatu kupitia kwa mtendaji, zote zimegongwa muhuri, jibu hamna, ndio maana hii naiandika hadharani.

Jumanne asubuhi binti yangu wa darasa la nne alikuwa anavuka daraja la kamba kwenda shule, mbao ikakatika, miguu yote miwili ikapita akabaki ananing'inia kwa makwapa na maji ya matope yanapita chini yake, mpaka kijana wa bodaboda akatupa pikipiki akamvuta. Kiatu kimoja kimeenda na mto. Ubavu umechubuka kuanzia kwapani mpaka kiunoni, usiku analalia upande mmoja tu.

Ile mbao tumeshaifunga wenyewe kwa kamba ya katani na mpira wa tairi. Mbao tunaziweza Mheshimiwa. Tunachoshindwa ni zege.

Lile zege linaloshikilia zile waya mbili kubwa, upande wetu, limeanza kuchungulia. Mimi sio injinia ila nimekulia pale, na naona barabara ndio inalimaliza: mitaro imeziba siku nyingi, kalavati limejaa mchanga, sasa mvua ikinyesha maji yote yanashuka na barabara alafu yanamwagikia palepale kwenye zege. Juzi nimeingiza mkono chini yake ukazama mpaka kwenye kiwiko. Daraja la namna hii uzito wote umebebwa na waya, na waya zimeshikwa na hilo zege, likichomoka hakuna mbao itakayosaidia.

Julai ulikuja ukatuahidi kazi itaisha kabla ya mvua. Kinamama walikupigia vigelegele. Mto ulikuwa mkavu, gari yako ikapita kwenye mchanga, daraja hukulikanyaga. Alafu fundi uliyekuja naye akasema eti ni la zamani mno halitengenezeki. Mbona lile la Brooklyn kule Marekani lilifunguliwa 1883, nalo limening'inia kwa waya hivihivi na mpaka leo magari yanapita? Linatunzwa.

Na huu mto unaujua. Desemba 2009 kuingia Januari 2010 mafuriko yalifumua reli kati ya Kilosa na Gulwe, reli ya chuma kabisa, treni zikakwama miezi. Sembuse kizege chetu?

Siku hizi mvua imepumzika, kama kawaida ya Februari, Machi itarudi. Lami hatujaomba, daraja jipya hatujaomba. Tunaomba pale kwenye zege papangwe mawe ya kwenye nyavu za waya na mtaro uzibuliwe. Mawe tutasomba wenyewe, wewe tuletee nyavu na mtu anayejua kupanga. Uje mwenyewe, kwa miguu, uvuke.

Binti yangu kila asubuhi anafika mwanzo wa daraja, anashika waya, anarudi nyumbani. Njoo wiki hii Mheshimiwa.