Sarufi ya Kimarathi katika mitihani ya ajira

Mhariri,

Wapo wasomaji wenzangu wanaotaka waombaji wa kazi serikalini watahiniwe sarufi ya Kiswahili. Naiunga mkono hoja hiyo, lakini kwa kuwa nasomea isimu hapa Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, naomba nafasi nieleze hali ilivyo mahali ambapo jambo hilo ni desturi ya siku nyingi.

Maharashtra iliundwa tarehe 1 Mei 1960 kwa msingi wa lugha, na Kimarathi ndicho lugha ya serikali ya jimbo. Anayetaka kuwa polisi, karani au talathi, yaani ofisa anayetunza kumbukumbu za ardhi vijijini, hana budi kujiandaa kwa maswali ya sarufi. Katika mtihani wa talathi, robo ya maswali ni ya Kimarathi. Mwaka 2023 zilitangazwa nafasi zipatazo 4,600, wakajitokeza waombaji zaidi ya milioni moja. Palipo na ushindani wa namna hiyo, alama moja ya sarufi yatosha kumwacha mtu nje. Ndiyo maana eneo la Sadashiv Peth hapa Pune limejaa vyumba vya kujisomea vya kulipia, ambamo vijana kutoka vijijini hushinda wakikariri.

Wanachokisoma kina utajiri mkubwa: jinsi tatu za nomino, vibhakti nane (yaani uhusika wa nomino katika sentensi), sandhi (muungano wa sauti), samas (maneno ambatani), na zaidi ya yote prayog, yaani namna kitenzi kinavyopatana na mtenda au mtendwa, ambayo humvutia mno mtu aliyelelewa katika upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili. Kimarathi kikisema kwamba Ram anakula embe, “Ram amba khato”, kitenzi humfuata Ram. Kikisema kwamba alilila, “Ramane amba khalla”, kitenzi humwacha Ram na kulifuata embe, ambalo ni la jinsi ya kiume. Ukiweka ukwaju, ambao ni wa jinsi ya kike, kitenzi hugeuka kuwa “khalli”, ingawa mlaji ni yuleyule. Ipo pia namna ya tatu, bhave prayog, ambapo kitenzi hakimfuati mtenda wala mtendwa.

Mtoto aliyekulia katika Kimarathi hutumia kanuni hizi tangu utotoni bila kufundishwa majina yake. Mtihani, hata hivyo, humpa sentensi na majibu manne, akatakiwa kuchagua jina la prayog. Nakiri kwamba karatasi milioni moja haziwezi kusahihishwa kwa mkono, na kwamba kompyuta haimjui mtoto wa mkubwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana awezaye kuandika barua safi hushindwa na aliyekariri majedwali, kisha talathi huyo hupelekwa kwa wakulima wanaotegemea kumbukumbu zake za ardhi, zile ziitwazo satbara, wanapokwenda kuomba mkopo benki, bila mtu yeyote kuwahi kuona aya moja aliyoiandika.

Tume ya Utumishi wa Umma ya Maharashtra iliona kasoro hiyo katika ngazi yake ya juu, ikaamua kwamba mtihani mkuu uwe wa kuandika majibu kwa maelezo. Mapema mwaka 2023 watahiniwa waliandamana hapa Pune wakidai mabadiliko hayo yaahirishwe hadi 2025, na ombi lao likakubaliwa. Siwalaumu, kwa sababu walikuwa wametumia miaka ya ujana wao na fedha za wazazi wao kujizoeza kuchagua jibu, na hakuna aliyekuwa amewataka waandike.

Kwa hiyo, ikiwa Tanzania itaamua kuwatahini Kiswahili waombaji wa kazi, nashauri tusianze na maswali ya kutaja ngeli na kubainisha aina za maneno. Anayeomba utendaji wa kijiji asikilizishwe majadiliano ya mkutano, kisha aandike muhtasari wa ukurasa mmoja, na upatanisho, viakifishi na mpangilio wa hoja vipimwe humo humo. Mchujo wa kwanza unaweza kufanywa kwa masomo mengine ili karatasi za kusahihisha zipungue. Wasahihishaji tunao: ni walimu wetu wa Kiswahili wa sekondari, ambao huifanya kazi hiyo kila mwaka katika mitihani ya taifa, nao wangeweza kulipwa kuifanya wakati wa likizo.

Msomaji wenu,
Pune, India