Wazazi wa Darasa la Nne: sherehe ya kufunga shule

Habari za jioni wazazi wenzangu. Watoto wameshamaliza upimaji wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), sasa ni zamu ya kushukuru. Ijumaa hii saa nne asubuhi tukutane shuleni, pale chini ya mwembe.

Pilau linapikwa palepale. Mwenye sufuria kubwa na mwiko ajitokeze leo, tusianze kuhangaika usiku wa Alhamisi kama mwaka jana. Mchango ni shilingi 10,000, mpeni mweka hazina kabla ya Jumatano. Aliyebanwa anifuate inboksi tuelewane. Hakuna mtoto atakayekosa sahani.

Walimu tunawapa vitenge na mashati. Ila safari hii naomba tusimsahau mama wa uji na mlinzi. Yule mama huwa ameshawasha kuni kabla kengele haijalia, na mlinzi ndiye anayewavusha wanetu barabara ya lami, kofia mkononi akisimamisha bodaboda. Waitwe mbele nao, wapigiwe makofi.

Vyeti vya watoto si vya tatu bora peke yao: mwalimu wa darasa ameweka pia waliopanda kimasomo na wasiokosa shule.

Keki moja inatosha jamani. Spika analeta nani?